Safari ya Milimani Ipangwe Kutoka Kwenye Mteremko

Mamboleo ndipo Kisumu inapoagana na tambarare. Ukitoka mjini na kunyoosha, unapanda Riat kuelekea Kiboswa, Mbale, Chavakali na Kakamega. Ukikunja kulia, unapita Miwani na Chemelil katikati ya miwa mpaka kuta za Nandi zikusimamie mbele ya kioo. Barabara hizo mbili ndizo mlango wa nchi yote ya juu ya magharibi mwa Kenya: Nandi Hills, Kapsabet, Iten, Cherangany, Elgon. Na kila Machi inapokaribia kwisha, shule zikijiandaa kufunga na Pasaka ikibisha hodi, zipo familia zinazokaa mezani na simu yenye ramani zikapanga kuipanda nchi hiyo na gari la kulala. Huenda ni Hiace iliyong'olewa viti ikatiwa kitanda, Land Cruiser yenye hema juu ya paa, au kempa ya kukodi kutoka Nairobi. Hesabu huanza na umbali, ikafuata mafuta, halafu mahali pa kulala na vitu vya kuona. Naona hesabu hiyo inashikwa kwa mkia. Safari ya milimani, hasa mwanzoni mwa masika, yafaa ianze kupangwa mahali gari litakaposhuka: mteremko upi, saa ngapi, likiwa na uzito gani. Mengine yote, hata kitanda cha usiku, yaufuate mteremko huo.

Watu wengi huhofia kupanda, na hofu hiyo inaeleweka, kwa sababu kilima kinapolishinda gari kila mtu ndani hujua. Injini inanguruma, mshale wa joto unasogea, lori la nyuma linapiga honi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa kuwa hewa huko juu ni nyepesi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Timboroa imepita mita 2,700, kwa hiyo Hiace kuukuu inayofika Timboroa imeacha njiani kitu kama asilimia 15 ya nguvu ilizoondoka nazo. Hiyo ni kero. Dereva atashusha gia, ataegesha kando ya barabara, atafungua boneti na kungoja. Kushindwa kupanda kunamalizikia kwenye kusimama, na gari lililosimama ni nadra kumuua mtu ndani yake. Kuteremka ni mambo mengine. Gari linalokaribia kushindwa na mteremko huenda kwa raha, kimya, mafuta yakitumika kidogo, abiria wakitazama mandhari. Dalili ya kwanza ya wazi mara nyingi ni kanyagio la breki linalozama mpaka sakafuni.

Kumbukumbu za barabara zinazoshuka kuja bonde la ziwa ni nzito. Oktoba 10, 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilipinduka kwenye mteremko wa Fort Ternan, katika barabara ya Londiani hadi Muhoroni, na watu zaidi ya 50 wakafa. Juni 30, 2023, jioni, lori lililokuwa likielekea Kericho lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likaparamia magari na wachuuzi wa kando ya barabara. Waliokufa walipita 50. Agosti 8, 2025, jioni vilevile, basi lililowabeba waombolezaji kutoka Nyahera kwenda Nyakach lilishindwa kuukata mzunguko wa Coptic, hapa hapa Mamboleo, na zaidi ya watu 20 hawakufika kwao. Sitaki kuzifanya ajali tatu kuwa takwimu, na kila moja ina uchunguzi wake, dereva wake na gari lake. Lakini mtu anayepanga safari ana haki ya kuona kwamba zote zilitokea katika njia za kushukia nyanda za juu, na kwamba hakuna hata moja iliyotokea saa nne asubuhi.

Pingamizi la kwanza liko wazi: hayo yalikuwa mabasi na lori, na kempa ya familia si basi. Ni kweli, ila si sana kama wenye kempa wanavyodhani. Hiace ya kubeba abiria imepangiwa mzigo wake kiwandani. Ikishatiwa kitanda cha mbao, betri za ziada, mtungi wa gesi, jokofu, tangi la maji la lita 100 ambalo peke yake ni kilo 100, baiskeli mbili nyuma na watu watano, uzito wake wote waweza kukaribia tani tatu au kuzivuka. Breki, hata hivyo, ni zile zile. Tani tatu zikishuka mita 1,000 huzaa nishati ya kutosha kuchemsha lita 80 na ushei za maji ya bomba. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki ni lazima imezwe na kitu, na ni vitu viwili tu vinavyoweza kuimeza, injini au breki. Kutoka Iten kupitia Tambach hadi Mto Kerio barabara inashuka zaidi ya mita 1,000. Anayeshuka huko akiwa amekanyaga breki muda wote anaziagiza breki za magurudumu manne kumeza joto lote hilo, tena ndani ya muda usiofika saa nzima.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapoingia, jambo ambalo katika maandalizi ya safari halipewi hata robo ya muda unaopewa orodha ya vyakula. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani kidogo kidogo, na kadiri yanavyolowa ndivyo yanavyochemka mapema. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishalowa. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabinyika, kwa hiyo mguu unasukuma hewa badala ya kusukuma pedi. Katika mji uliokaa kando ya ziwa, wenye hewa nzito mwaka mzima, mafuta yaliyokaa miaka minne bila kubadilishwa yamekunywa ya kutosha. Fundi yeyote wa jua kali pale Kibuye atayabadilisha na kutoa hewa kwenye mabomba kabla ya chakula cha mchana, kwa pesa ambazo hazifiki nusu ya tangi moja la mafuta. Shida ni kwamba gari linalopelekwa kwa fundi kabla ya safari huangaliwa oili, maji na tairi, kisha mwenyewe anaambiwa liko sawa, na kwa barabara ya Kondele au Ahero kweli liko sawa.

Injini ndiyo dawa, na hapa pana desturi moja mbaya inayopaswa kutajwa. Wapo madereva wanaoweka gia nyutro kwenye mteremko wakiamini wanaokoa mafuta. Hawaokoi. Magari ya sasa yenye injini ya kudhibitiwa kwa kompyuta hukata mafuta kabisa dereva anapoachia kanyagio huku gia ikiwa imeingia. Ni kwenye nyutro ndiko injini inapohitaji kulishwa ili isizime. Kwa hiyo anayeteremka nyutro anachoma mafuta zaidi na kupoteza mshiko wa injini kwa wakati mmoja. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori, kwamba kilima kishukwe kwa gia iliyokipanda, haijachakaa. Mwenye gari la otomatiki naye asijione ameachwa nje, kwani mkono wake wa gia una L, 2, S au B, na herufi hizo hazikuwekwa kwa urembo. La muhimu ni kuchagua gia kabla mteremko haujaanza, wakati gari bado linatii. Kuitafuta katikati, gari likikimbia kilomita 80 kwa saa na mzunguko wa barabara uko mbele, ni kuchelewa.

Hayo yangekuwa kweli hata Januari. Mwanzo wa masika unaongeza kitu kingine, nacho ni saa. Mvua ya ukanda huu haianguki ovyo. Mchana jua linapopasha nchi kavu, upepo wa ziwa huvuma kuelekea bara, ukagonga miinuko ya Nandi na Kericho na kukutana na upepo wa mashariki unaovuka Bonde la Ufa. Hewa hupaa, mawingu yakajengeka kuanzia adhuhuri, na kufikia saa tisa au kumi ngurumo zinaanza. Si bure kwamba mashamba ya chai ya Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Usiku mambo hugeuka: ziwa linabaki na joto kuliko nchi kavu, na radi huhamia juu ya maji. Ndiyo maana mkazi wa Kisumu huweza kuamka na mvua saa kumi alfajiri, akaahirisha safari, ilhali kule juu asubuhi ni nyeupe na lami ni kavu. Anayesoma mawingu ya ziwani kama habari za Nandi anasoma barua ya mtu mwingine.

Ratiba inajiandika yenyewe kutokana na hayo. Kila mteremko mkubwa uwe umekwisha kabla ya saa sita mchana. Kupanda kuachiwe alasiri ikibidi, kwa sababu anayepanda mvuani anaweza kusimama wakati wowote na gari likamsikiliza. Mvua za mwanzo zina ubaya wao wa pekee. Kwa miezi mitatu ya kiangazi lami imekusanya vumbi, matone ya oili na mabaki ya mpira wa tairi, na manyunyu ya kwanza huufanya mchanganyiko huo kuwa utelezi kabla mvua kubwa haijauosha. Kwa hiyo dakika 20 za rasharasha mwishoni mwa Machi zaweza kuwa mbaya kuliko saa nzima ya mvua ya Mei. Na upande wa Chemelil yapo matrekta ya miwa, yanayoangusha mabua na kupandisha udongo mweusi wa tambarare ya Kano barabarani. Udongo huo ukilowa, hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hutembea kiubavu.

Mtu atauliza: kama masika yana haya yote, kwa nini asingoje Januari? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Jibu langu la kwanza ni la kalenda. Familia zenye watoto wa shule hazina Januari. Zina Aprili, Agosti na likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Aprili na Agosti ni miezi ya mvua katika nyanda za juu za magharibi, ambako msimu hauna mapumziko marefu katikati kama ulivyo mashariki mwa nchi, bali huanza Machi na kuendelea kwa kupanda na kushuka mpaka Septemba au Oktoba. Novemba nayo imekwisha kuonyesha rangi yake. Maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi yaliyoua watu zaidi ya 40 yalitokea Novemba 2019, na yale ya Chesongoch huko Marakwet Mashariki yalitokea usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025. Anayesubiri mwisho wa mwaka akidhani amekwepa mvua anaweza kuwa ameikuta mahali pabaya zaidi.

Jibu la pili linahusu udongo, na hapa mwanzo wa msimu una faida ambayo haisemwi. Mlima hauporomoki kwa sababu imenyesha leo peke yake. Huporomoka pale maji ya wiki nyingi yamejaza udongo, uzito umeongezeka, na mshikamano wa tabaka umelegea, ndipo mvua moja kubwa inamalizia. Mwishoni mwa Machi, baada ya kiangazi cha kawaida, udongo bado una kiu. Ikinyesha sana, hatari iko kwenye utelezi na mafuriko ya ghafla katika mabonde, si katika ukuta wa Elgeyo, ule ulio juu ya Kerio, kukuangukia. Neno zito hapo ni "cha kawaida". Maporomoko ya Chesegon, mpakani mwa Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi, yalitokea Aprili 2020, yaani mapema katika msimu, lakini yalifuata mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zilizoendelea mpaka mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na ardhi haikupata kukauka. Kwa hiyo mpangaji wa safari ya Pasaka asiangalie tarehe tu. Aangalie Desemba na Januari zilikuwaje, kisha asome utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei ambao Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga huutoa kabla mvua hazijaanza. Kiangazi kikiwa kilinyimwa nafasi, Kerio iachwe. Itakuwepo mwakani.

Tuseme basi kiangazi kilikuwa kikavu na safari ipo. Mzunguko uelekee wapi? Barabara ile ile ni safari mbili tofauti kutegemea unaipita kwa upande gani. Ukuta wa Nandi ni mkali upande wa Chemelil na mpole upande wa Kapsabet na Kaimosi. Busara, basi, ni kuupanda ule mkali na kuushuka ule mpole: kutoka Mamboleo kupitia Miwani na Chemelil kupanda hadi Nandi Hills siku ya kwanza, gari likiwa bado limejaa maji, gesi na vyakula, yaani likiwa zito kuliko litakavyokuwa siku yoyote nyingine. Wengi hufanya kinyume. Hupitia Kakamega wakienda kwa sababu lami ni nzuri na miji ni mingi, halafu hurudi kwa Nandi Hills au Muhoroni "kubadilisha mandhari", wakakutana na mteremko mkali wakati mwili umechoka na breki zimetumika juma zima. Mandhari ya Nandi ukipanda ni yale yale, tena unayatazama kwa mwendo wa pole.

Kutoka Nandi Hills na Kapsabet njia ya kwenda Eldoret na Iten haina la kutisha, na nitaipita haraka hivyo hivyo. Iten, kwenye mita 2,400, ndiyo kambi ya kufaa kwa usiku mbili, kwa sababu Kerio inataka siku yake nzima: kushuka kupitia Tambach asubuhi kwa gia ya pili, kufika korongo la Cheploch ambako vijana huruka mtoni kutoka majabalini, kula, kisha kurudi juu kwa njia ile ile ya lami kabla au wakati wa mvua ya alasiri. Ukiangalia, siku hiyo inatii kanuni bila kulazimishwa, asubuhi ni mteremko na alasiri ni kilima. Anayetaka kuvuka mpaka Kabarnet naye anabaki ndani ya kanuni, ila kesho yake atakuwa na miteremko upande wa pili, na inabidi apange tena. Elgon ningeiweka kwa masharti. Lango la Chorlim na pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe, yanafaa hata mvua zikianza, kwa gari lenye nguvu magurudumu yote na kwa mwendo wa asubuhi. Njia za juu zaidi kuelekea kilele cha Koitobos ziachiwe miezi mikavu, kwa kuwa udongo wa mlima wa volkano ukilowa hauna rafiki.

Swali la pa kulala sasa lina jibu rahisi kuliko lilivyokuwa: kila kambi iwe juu ya mteremko wa kesho, usiwe umeushuka jioni ya leo. Kanuni hii inazaa pendekezo ambalo najua litachekwa. Usiku wa mwisho wa safari usilaliwe nyumbani. Ulaliwe Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno unaosimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu au upande wa Buyangu ulio chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, halafu asubuhi, baada ya chai, ndipo gari lishuke Riat kuingia Mamboleo. Nani atalipa usiku mmoja zaidi wa kambi, ilhali kitanda chake kiko umbali usiozidi saa mbili? Pingamizi hili lina mantiki ya pesa. Lakini tazama anachonunua. Anayesukuma kutoka Kitale mpaka Kisumu kwa siku moja hufika Kiboswa jioni, mvua ikiwa imenyesha au inanyesha, jua likimpiga usoni mawingu yakipasuka, boda boda na matatu za kurudi nyumbani zikiwa zimejaa barabara, na akili yake imekwisha kufika. Amekwisha kuwaza maji ya kuoga. Kisha barabara inamshusha kwa kasi mpaka kwenye mzunguko. Mteremko wa mwisho ndio mfupi kuliko yote ya safari nzima, na unakuja saa mbaya kuliko zote. Kulala msituni kunaubadilisha kuwa mteremko wa asubuhi kama mingine. Na Kakamega alfajiri, nyani na ndege wakianza kelele zao, si adhabu.

Kuhusu kambi zenyewe, mambo matatu yanatosha. Halijoto hupungua karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo usiku ambao Kisumu ina nyuzi 18, Iten yaweza kuwa na kumi tu. Mtu wa ziwa hasafiri na mablanketi ya kutosha, na akishikwa na baridi saa nane za usiku anawaza jiko la makaa. Jiko hilo ndani ya gari lililofungwa madirisha huua, na huua bila moshi wala harufu ya kumwamsha mtu; afadhali kutetemeka. Pili, kempa isiegeshwe kwenye mkondo mkavu wala ukingoni mwa mto, hata kama mchanga wake ni laini na tambarare, kwa sababu mvua inayokuhusu yaweza kuwa imenyesha kilomita 20 juu yako huku wewe ukiona nyota. Wakazi wa Kano wanalijua hilo kuliko yeyote: Nyando hufurika Ahero kwa maji ya Nandi na Kericho. Tatu, gari lililobadilishwa mwili lina mambo yake na mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, ukaguzi na daftari la umiliki, na hayo yamalizwe nyumbani, si kwenye kizuizi cha polisi.

Kuna watakaosema haya yote yanaiua raha, kwamba anayenunua gari la kulala ananunua uhuru wa kwenda apendako na kusimama apendapo, na mimi namrudishia ratiba ya treni. Mfano wa treni siukatai. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ilivuka Mau kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500 kabla ya kuushuka kwa Fort Ternan, Muhoroni na Kibigori, na wahandisi wake walitumia madaraja na mizunguko mingi kwa sababu walijua behewa halibembelezeki likishaanza kukimbia. Ila ratiba ninayoipendekeza ina sharti moja tu la saa kwa siku. Saa sita ikishapita na mteremko umekwisha, siku yote iliyobaki ni ya mwenyewe: asimame kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma, ashuke kwenye maporomoko ya maji, abadili mawazo, alale mapema. Uhuru unaopotea ni ule wa kushuka Tambach saa kumi na mbili jioni kwenye mvua, na sijaona anayeulilia.

Lililobaki si la msafiri. Kempa ya familia hupita Riat mara moja au mbili kwa mwaka. Matatu, malori na mabasi ya mazishi hupita kila siku, na madereva wao hawana nafasi ya kulala Kakamega wakingoja asubuhi. Kwao kanuni ya gia na saa inahitaji kusaidiwa na barabara yenyewe. Nchi nyingi zenye milima huweka juu ya mteremko mkali kibao kinachotaja asilimia ya mwinamo na kumwamuru dereva wa gari zito ashushe gia hapo hapo, na chini yake hujenga njia ya dharura, kipande cha kupanda kilichojazwa kokoto nene ambacho gari lililopoteza breki hukimbilia na kuzama likasimama. Ni kazi ya kifusi, kokoto na vibao, mambo ambayo Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini, KeNHA, haihitaji kuyanunua ng'ambo. Riat, Fort Ternan na Londiani zingestahili kuwa za kwanza kwenye orodha hiyo, na kibao cha Riat kisimame Kiboswa, kabla barabara haijaanza kuinama, mahali ambapo dereva bado ana gia ya kuchagua.